Mlango wa Mbele wa Attracta Tansey

Huko kijijini Cloonavarra mtu anayekufahamu hapiti mlango wa mbele. Huzunguka nyuma, akapita kando ya rundo la udongo mkavu unaochomwa kama kuni, akasukuma mlango wa jikoni bila kubisha, akasema "Mungu awabariki wa humu" na kwenda moja kwa moja kugusa birika kama lina moto. Mlango wa mbele ni wa padri, wa daktari na wa jeneza. Anayebisha mbele siku ya kawaida, ama kapotea njia, ama kaja kuchukua kitu.

Ndiyo maana ulipobishwa Jumanne moja ya Septemba, Attracta Tansey hakuuliza nani. Kisu cha kumenyea viazi kilimponyoka kikaangukia kwenye beseni. Alijishusha sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye magoti mabovu, akatambaa hadi kwenye upenyo kati ya kabati la vyombo na jiko la chuma, akajikunja hapo.

"Bi Tansey?" sauti ya mwanamume iliita. "Bi Attracta Tansey?"

Alijiziba mdomo kwa aproni. Kivuli kilipita dirishani, kikasimama, kikaendelea. Mbwa wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa kiziwi na hakusikia lolote, aliinua kichwa akamtazama mama mwenye nyumba alivyojibanza, kisha akageuza uso kando kama mtu anayemwonea mwenzake haya. Gari likawashwa barabarani, likaondoka. Attracta hakunyanyuka mpaka maji ya viazi vilivyokuwa tayari motoni yalipokauka na harufu ya kuungua ikamfuata pale chini.

Alijua yule ni nani hata kama hakujua jina lake. Jirani yake Dympna Keaveney, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika tangu aote meno, alikuwa amemsimulia wakati wa kiangazi habari za binamu yake wa Ballina aliyekuwa anadaiwa mkopo wa nyumba.

"Karatasi ya mahakama mpaka wakutie mkononi," Dympna alisema huku akichovya biskuti kwenye chai. "Wasipokutia mkononi, kesi haianzi. Binamu yangu aliwakwepa kwa miezi. Alikuwa anatokea dirisha la bafuni."

"Na mwishowe?"

"Mwishowe alinenepa."

Dympna alicheka hadi akapaliwa. Hakujua kwamba alikuwa akimfundisha mtu kazi. Hakuna jirani aliyejua. Sorcha, binti pekee wa Attracta, alikuwa Australia na alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mama yake alimwambia kwamba hali ni shwari na mvua inanyesha. La mvua lilikuwa kweli.

Mumewe Colman alikufa Februari, kwenye lori lake, palepale machimbo ya mawe, mkono mmoja ungali kwenye gia. Moyo, walisema. Jeneza lilitoka kwa mlango wa mbele, na Attracta akaufunga nyuma yake, akatia komeo, akasukuma mkeka wa zamani chini ili upepo usiingie. Wiki iliyofuata alikwenda benki akiwa na nguo nyeusi na cheti cha kifo, akijua kama kila mke wa pale anavyojua, kwamba mume akifa bima hulipa mkopo wa nyumba na mjane hubaki na paa lake. Msichana wa benki aliangalia kompyuta yake muda mrefu. Kisha akaenda kumwita mwanamume. Mwanamume akafunga mlango. Ukiona wanafunga mlango, ujue habari ni yako.

Bima haikuwepo. Colman alikuwa ameacha kuilipa miaka miwili nyuma, machimbo yalipompunguzia siku za kazi. Na mkopo wenyewe, ambao Attracta alidhani umebaki mkia tu, ulikuwa ng'ombe mzima.

Hapo ndipo lazima atajwe Jarlath. Jarlath Tansey alikuwa mdogo wake Colman, mtu wa maneno matamu na mashati yaliyopigwa pasi na wanawake wengine. Katika miaka ile ambayo mabenki yalikuwa yakigawa pesa kama peremende za harusini, Jarlath alitaka katapila. Kila mtu alikuwa anajenga, kila mtu alihitaji msingi, shimo, mtaro. Benki haikumpa, kwa kuwa hata wakati ule wa wazimu benki zilikuwa na kiasi fulani cha akili. Lakini ilikuwa tayari kumpa Colman, juu ya nyumba. Karatasi ililetwa pale mezani jikoni, imewekwa alama ya penseli pa kutia sahihi.

"Weka jina lako hapo," Colman alimwambia.

"Ni ya nini?"

"Ya benki. Chai inapoa."

Attracta alitolewa shule akiwa na miaka kumi na miwili ili amuuguze mama yake. Alisoma kwa kidole, polepole, na alichukia kusomea mbele za watu. Aliweka jina lake. Jarlath alilipa mwaka wa kwanza. Ujenzi ulipokufa nchi nzima naye akaacha, na Colman hakuwahi kumdai hata siku moja, kwa maneno yale ambayo wanaume hujifunika nayo: ni ndugu yangu. Alilipa yeye, kimyakimya, kwa pesa iliyokuwa ya kulipia bima yao. Marehemu hasemwi vibaya. Labda ndiyo maana wengine wanaharakisha kufa.

Tangu maziko, Jarlath alikuja kila Jumapili baada ya Misa, kwa mlango wa nyuma kama mtu wa ndani, akala nyama ya Attracta na viazi vya Attracta.

"Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, shemeji," alisema, akijipangusa mdomo. "Halmashauri wana vijumba vizuri sana kule mjini. Joto la kubonyeza kitufe. Huna haja ya kubeba udongo."

"Nimeuzoea udongo."

"Mimi nakuwazia wewe tu. Wakiichukua hawa wa benki wataiuza kwa mgeni. Lakini kama ungetoka kwa hiari yako, ningeongea nao nikaichukua kwa bei ya kutupa. Ibaki kwa akina Tansey."

"Na mimi ni nani, Jarlath?"

"Wewe ni shemeji yetu," alisema kwa upole kabisa, na kuongeza mchuzi.

Katapila ilikuwa imeegeshwa uani kwake, ya njano, na Attracta aliiona kila alipokwenda kusafisha shule. Hakuwahi kuitaja. Alimwogopa Jarlath kuliko alivyomwogopa mtu wa benki, kwa sababu mtu wa benki hakuwahi kukaa kwenye kiti cha Colman.

Mwezi wa Agosti alijikaza akapiga simu mji mkuu, Dublin, kwa kampuni ambayo benki iliiuzia mkopo huo. Mwanamke wa upande wa pili hakuwa mkali. Walikubaliana: Attracta alete kwa mpigo malipo ya miezi mitatu kabla ya mwisho wa mwezi, kisha aendelee kidogokidogo, nao wangesimamisha mambo ya mahakama. Attracta alizipata pesa hizo. Aliuza trela la Colman na msumeno wake wa mashine, akaongeza mshahara wa kusafisha shule na ukumbi wa parokia, akaziweka zote kwenye kopo la chai juu ya kabati. Wiki hiyo alilala usingizi kama mtu.

Jumapili Padri Lavelle akasoma zamu mbele ya altare. Misa ya nyumbani, ile inayozunguka kijijini nyumba kwa nyumba na kufika kwako mara moja katika miaka mingi, ingesomwa Oktoba. "Cloonavarra," alisema, "nyumbani kwa Colman Tansey, Mungu amrehemu."

Watu waligeuka wakamtazama Attracta kwa huruma na kwa udadisi. Naye akatabasamu.

Mtu wa mbali atasema, si angekataa? Mjane, miezi sita tu. Angeweza. Padri angemwelewa. Lakini nyumba inayokataa zamu ina sababu, na sababu hutafutwa, na huko watu wana pua. Tena zamu haipokelewi kwenye nyumba chafu. Kuna wanaume hawajawahi kupaka rangi kwa ajili ya harusi ya binti yao lakini kwa Misa ya zamu watakopa ngazi. Mfereji wa paa ulikuwa unaning'inia. Ukuta wa mbele ulikuwa na ukungu wa kijani kama jibini iliyosahauliwa. Zulia la sebuleni lilikuwa na alama ya viatu vya Colman tangu mlango hadi kiti.

Attracta alishusha kopo la chai. Alijiambia atachukua ya rangi tu. Akachukua ya rangi, na ya mfereji, na ya zulia, na ya paja zima la nguruwe. Ilipofika tarehe ya Dublin, kopo lilikuwa linanuka chai tu. Alipopiga simu kuomba muda, safari hii alipata mwanamume.

"Pesa mlizokubaliana ziko wapi, Bi Tansey?"

"Nimepaka nyumba rangi."

"Umepaka rangi nyumba ambayo hulipii?"

"Kuna Misa."

Alimsikia akiandika. Baada ya hapo ndipo mlango wa mbele ulipoanza kubishwa.

Ulibishwa Jumanne ile ya viazi. Ukabishwa tena yeye akiwa chooni, na alikaa humo hadi miguu ikafa ganzi. Akaacha kuwasha redio asije akajulikana yumo. Akaacha kuanika nguo. Kila gari lililopunguza mwendo kwenye kona lilimtoa jasho la makwapa, na jasho hilo lilikuwa na harufu ngeni, harufu ya mnyama, hivyo akawa anajiosha mara nyingi kwa maji baridi. Nyumba nyeupe mpya, inang'aa hadi barabara kuu, na mwenyewe anatembea ndani yake kwa soksi kama mwizi.

Ilikuwa asubuhi ya Misa yenyewe, akilaza kitambaa cheupe kwenye meza ya sebuleni, ndipo jambo lilipomjia kama maji ya barafu mgongoni. Padri haingii kwa mlango wa nyuma. Siku ya zamu mlango wa mbele hufunguliwa, ukaachwa wazi tangu wa kwanza kufika hadi wa mwisho kuondoka.

Alisimama mbele ya komeo muda mrefu. Dympna, aliyekuja mapema na mikate miwili ya zabibu, ndiye aliyemkuta.

"Limeshika kutu?"

"Limeshika kidogo."

"Sogea." Dympna alilipiga kwa kiganja likaruka. Mvua na mwanga viliingia pamoja. "Haya. Colman atafurahi kuona hewa. Mbona umeganda hivyo, mama wee? Ni Padri Lavelle tu, si Askofu."

Watu walikuja. Akina Keaveney, wazee wawili wa kule juu mlimani, wenye shamba la ng'ombe la kwenye kona, wote kwa mlango wa mbele siku hiyo, wakifuta viatu kwa adabu na kusifia zulia. Jarlath alikuja na tai. Alisimama karibu na mahali pa moto sebuleni akipokea watu kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na mara moja Attracta alimwona akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole, polepole, akisikiliza kama ni mzima.

Padri alikuwa ameshavaa kanzu na Misa imeanza mtu mwingine alipotokea mlangoni. Mwanamume mnene, koti la mvua linachuruzika, bahasha ya kahawia kifuani ili isilowe. Alichungulia, akaona mishumaa, akaona watu wamepiga magoti, akavua kofia. Angeweza kurudi garini. Lakini Dympna, ambaye hakuwahi kumwacha mtu asimame mlangoni tangu azaliwe, alimshika mkono akamvuta ndani.

"Umechelewa, lakini hujachelewa sana," alimnong'oneza. "Wewe ni wa upande wa mama yake Colman, nakuona kwenye taya. Kaa hapa."

Yule mtu akakaa. Attracta alikuwa amepiga magoti hatua chache tu mbele yake na hakuhitaji kugeuka. Aliisikia sauti ikiitikia sala pamoja na wengine, na alikuwa amekwisha kuisikia ikipenya kwenye mlango: Bi Tansey, Bi Attracta Tansey. Aliona mlango wa jikoni, na nyuma yake mlango wa nyuma, na uwanja, na mashamba. Lakini mwenye nyumba hatoki wakati wa Misa ndani ya nyumba yake. Hata kama inaungua, hatoki. Alibaki amepiga magoti kwenye zulia ambalo lilikuwa limemgharimu nyumba, na hakusikia neno lingine la Misa ile.

Misa ikaisha. Padri Lavelle alikaa mezani kupokea sadaka za zamu, kila nyumba na bahasha yake, huku chai na mkate wa zabibu vikigawiwa. Alikuwa padri wa kizamani. Alifungua bahasha palepale na kutangaza jina na kiasi, ingawa ilisemekana Askofu alimkataza.

"Keaveney, yuro hamsini. Mungu akuzidishie, Dympna, na akuzidishie na mumeo, ambaye bila shaka hajui."

Watu wakacheka. Yule mtu mnene alikuwa amesimama, anasogea kando ya ukuta, akimuuliza mzee wa mlimani kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee, Bi Tansey ni yupi?" Bahasha ilikuwa mkononi. Padri aliiona. Hakuwahi kuacha bahasha ipite.

"Na mgeni wetu pia hakuja mikono mitupu," alisema, akanyoosha mkono wake mkubwa na kuichomoa.

"Hapana, Padri, hiyo siyo..."

"Usione haya, mwanangu."

Aliipasua kwa kidole gumba. Akavaa miwani. "Attracta Tansey," alisoma kwa sauti ileile ya kutangaza, "unatakiwa kufika mbele ya mahakama ya Carrick, kuhusu madai ya kukabidhi nyumba na..."

Akanyamaza. Lakini sauti ya padri haina njia ya kurudi kinywani. Kikombe kiliwekwa kwenye kisahani mahali fulani na kila mtu akakisikia.

Attracta alikuwa ameshika birika la chai kwa mikono miwili. Aliogopa kiasi kwamba hakuona nyuso, aliona rangi tu. Jambo lile alilolizuia miezi yote, kwa kutambaa, kwa soksi, kwa tabasamu, lilikuwa limesomwa nyumbani kwake na mtu aliyevaa kanzu nyeupe.

Wa kwanza kuongea alikuwa Jarlath.

"Padri, nipe mimi hiyo," alisema kwa upole, akija mbele na mkono wazi. "Haya mambo si ya leo. Shemeji amezidiwa tangu msiba, hatuwezi kumlaumu. Nimemwambia mara nyingi nyumba hii haiwezi. Nitamshughulikia mwenyewe."

Ni lile neno, nitamshughulikia. Ndilo wanalosema kuhusu ng'ombe mzee. Attracta aliweka birika chini.

"Katapila iko wapi, Jarlath?" alisema.

Sauti yake ilitoka nyembamba, ya kuomba karibu. Jarlath aligeuka.

"Nini?"

"Katapila. Iko wapi?"

"Iko nyumbani. Shemeji, hebu kaa..."

"Hiyo karatasi ni ya katapila. Nyumba tulikaribia kumaliza kuilipa, ilibaki kidogo sana. Colman aliweka nyumba akakununulia. Ukalipa mwaka mmoja. Akalipa yeye kwa pesa ya bima, na alipokufa hakukuwa na bima."

"Hayo ni mambo ya familia."

"Ndiyo. Wewe unakuja kwangu kila Jumapili kama familia. Unakula, halafu unaniambia nitoke ili uichukue nyumba kwa bei ya kutupa. Leo nimekuona ukigonga ukuta."

Jarlath alicheka kidogo, akiwatazama wanaume wenzake mmojammoja ili wacheke naye, na kila aliyemtazama alikuwa ameanza kulichunguza zulia jipya.

"Kumbe," alisema Dympna polepole. "Kumbe ile katapila iliyonichimbia shimo la choo, ukanilipisha kana kwamba unanitafutia dhahabu. Nilikuwa nachimbiwa na nyumba ya Attracta."

"Dympna, wewe usiingilie."

"Siingilii, kaka. Najutia choo tu."

Padri Lavelle alikuwa bado ameshika ile karatasi, uso umemwiva. Yule mtu mnene alimsogelea akaichukua kwa heshima, akaikunja vizuri, akaja nayo hadi alipo Attracta. Karibu naye, alinuka mvua na mkate wa zabibu.

"Samahani sana, mama," alisema. "Lazima niione mkononi mwako. Nikirudi nayo watamtuma mwingine, na mwingine hatakusubiri umalize Misa."

Attracta aliipokea. Ilikuwa nyepesi. Mtu yule akamshukuru kwa chai, akavaa kofia, akatoka alikoingia. Jarlath alitoka muda huohuo, kwa mlango wa jikoni.

Huko hakuna anayekuambia kwamba amekususa. Walimsalimia Jarlath kanisani kama kawaida, wakamuuliza hali ya barabara. Ila mfereji wa akina Keaveney ulipoziba, Dympna alimwita mtu wa mbali akamlipa zaidi. Wenye ng'ombe walichimba shimo la kuhifadhia malisho kwa mashine ya kuazima. Wazee wa mlimani waliamua kwamba msingi wao unaweza kusubiri mwakani. Katapila ilikaa uani, na mvua ikatengeneza kidimbwi ndani ya kijiko chake.

Attracta hakufurahia. Hakuwa na nafasi ya kufurahia, hofu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Tarehe ya mahakama ilikuwa Desemba. Alianza kufungasha vyombo kwenye maboksi, akavitoa, akavifungasha tena. Alimwambia Sorcha kwenye simu, na Sorcha akalia, kisha akakasirika kwamba hakuambiwa, kisha akalia tena, na ikawa ni Attracta anayembembeleza.

Siku moja mwishoni mwa Novemba lori kubwa lilisimama mbele ya nyumba. Taa ya njano ya kuzunguka ilipita kwenye ukuta wa jikoni, ikapita tena. Mlango wa mbele ukabishwa. Dalali wa mahakama, aliwaza. Wamekuja kabla ya siku, wamekuja na lori la vitu. Mwili wake ulishajua njia ya kwenda chini, pale kati ya kabati na jiko, na magoti yalikuwa yameanza kukunjika. Kisha akamwona mbwa akimtazama.

Alikwenda mlangoni akishika ukuta. Komeo lilikataa kufunguka. Akalipiga kwa kiganja kama alivyoona likipigwa.

Alikuwa Jarlath, hana tai. Nyuma yake, juu ya lori la mtu mwingine, katapila ilikuwa imefungwa kwa minyororo.

"Umepita mbele," Attracta alisema.

"Sijui kama nyuma bado ninaruhusiwa."

"Huruhusiwi."

Akatoa hundi mfukoni, imeandikwa jina la kampuni ya Dublin. "Nimemuuzia mtu wa Tyrone. Aliona nimebanwa, kanipa nusu ya bei. Siyo yote inayodaiwa. Hata robo tatu siyo." Aliangalia viatu vyake. "Colman hangenifanyia hivi, shemeji. Mbele za watu."

"Colman hakuwahi kukufanyia lolote zaidi ya kunyamaza. Ndiyo maana tuko hapa."

Alichukua hundi. Hakumkaribisha. Lakini hakuufunga mlango hadi lori lilipopinda kona, na baadaye alishindwa kujieleza kwa nini alisimama pale kwenye baridi kulitazama.

Mahakamani Carrick chumba kilijaa watu walioangalia mapaja yao. Alimwona mwalimu wa zamani wa Sorcha, akajifanya hamwoni, na mwalimu akafanya hivyohivyo. Wakili wa kampuni, msichana mwenye mafua, alisoma majina kama nesi anayeita wagonjwa. Lilipofika la Attracta, Dympna alimsukuma kwa kiwiko, naye akasimama na kusema aliyoyaweza, kwamba sehemu imelipwa, kwamba anasafisha shule na ukumbi, na kwamba atatoa kila mwezi. Msajili wa mahakama alinong'onezana na msichana wa mafua. Akasema jambo, akageukia jina jingine. Lilikuwa limekwisha kabla hajapata pumzi.

"Nimeshinda?" alimuuliza Dympna nje, kwenye ngazi.

"Hujashinda. Wameahirisha hadi Aprili, waone kama unalipa."

"Kwa hiyo nimeshindwa?"

"Hujashindwa. Twende tukanywe chai, miguu yangu imeganda."

Kwenye gari Dympna alimuuliza kama ile rangi nyeupe ilibaki, maana zamu inayofuata ilikuwa kwake na ukuta wake wa mbele ni aibu tupu.

"Imebaki nusu kopo," alisema Attracta. "Sikupi."

"Si nusu kopo tu, bibi wewe?"

"Zamu itarudi kwangu."

Dympna alitaka kusema kitu kuhusu ni miaka mingapi hadi zamu izunguke nyumba zote, akamwangalia, akabadilisha gia. Attracta aliingia kwake kwa mlango wa nyuma. Alichukua kopo la rangi chini ya ngazi, akakigongomeza kifuniko kwa nyundo pande zote hadi kikakaza, akalirudisha kopo mahali pake. Kisha gari likapunguza mwendo kwenye kona, naye akasimama na nyundo mkononi, akisikiliza, mpaka lilipopita.